MASHAHIDI WATATU: Namna ya kuendesha lokomotivi ndogo yenye sauti na kutafuta ugonjwa wake



Wengi wenu mlituuliza juu ya nini treni ndogo ya kalasi ya fizika ilinyamaza siku ya wazazi, na namna gani leo inalia tena. Tumeona vema kuandika fundisho lote hapa katika gazeti letu, pamoja na kosa letu sisi wenyewe. Sababu kosa hilo lilimwumiza mwenzetu mmoja wa kalasi ya tatu, na hatutaki lifichwe.

Jambo lenyewe ni hili. Wageni waliotembelea shule walituachia sanduku. Ndani mlikuwa reli za kupanga mviringo, mabehewa matatu, kisanduku cha amri chenye mabuto, na lokomotivi moja ya dizeli yenye urefu wa sentimetre 20 hivi. Ukiiwasha, inanguruma kama lokomotivi kubwa. Siku ya wazazi tuliipanga juu ya meza. Ilitembea kidogo, ikakatika, ikaanza kunguruma upya, ikakatika tena, halafu ikasimama kabisa. Wazazi wakacheka. Sisi tulipata haya, tukatafuta mtu wa kumhukumu. Yule mwenzetu ndiye aliyeibeba asubuhi. Basi tukasema: "Ni yeye aliiangusha." Alikana, hakuna aliyemsikiliza. Kwa wiki mbili hakuruhusiwa kugusa kitu cha fizika.

Mwisho wa fundisho hili mtajua ni nani alikuwa na kosa. Lakini kwanza tujifunze mashini yenyewe.

1. VIPIMO VYAKE

Treni hizi haziko mchezo wa watoto tu. Katika Ujerumani, Uingereza, Marekani na Japani kuna watu wazima wengi wanaozijenga na kuziendesha. Fabriki ya Märklin ya Göppingen, Ujerumani, ilionyesha treni zake zenye reli za kupangwa katika soko kubwa la Leipzig mwaka 1891. Huko Marekani wapenzi wa treni hizi walianzisha chama chao, NMRA, mwaka 1935.

Treni yetu ni ya kipimo kinachoitwa H0. Maana yake, kila kitu kimepunguzwa mara 87. Katika nchi nyingi reli mbili za treni kubwa zimeachana milimetre 1435. Gawanya kwa 87, utapata 16,5 karibu kamili. Pima reli zetu kwa rula: ni milimetre 16 na nusu. Lakini reli za Katanga zimeachana milimetre 1067 tu. Ukigawanya kwa 87 utapata 12 na kidogo. Ndiyo sababu anayetaka kujenga treni nyembamba kama zile za kwetu anatumia reli ndogo za milimetre 12, si hizi.

2. NAMNA AMRI INAVYOFIKA

Treni ndogo za zamani zilikuwa na kazi nyepesi: ukiongeza volti juu ya reli, moteri inakimbia; ukigeuza fili, inarudi nyuma. Ukiweka lokomotivi mbili juu ya reli moja, zote mbili zinakwenda pamoja.

Yetu haiko vile. Inatumia mpango unaoitwa DCC, uliokubaliwa na NMRA katika miaka ya 1990. Juu ya reli kuko umeme wakati wote, karibu volti 15, hata kama lokomotivi imesimama. Umeme huo unageuka upande mara maelfu kwa sekunde moja, na katika kugeuka kwake ndimo amri zimeandikwa. Kila nusu ya mgeuko ikidumu mikrosekunde 58, hiyo ni 1. Ikidumu mikrosekunde 100 au zaidi, hiyo ni 0. Kwa 1 na 0 kisanduku kinaandika: "Namba 3, kwenda mbele, mwendo wa kumi."

Ndani ya lokomotivi kuna kibao kidogo, dekoderi, ambacho kinasoma amri hizo. Kila lokomotivi iko na namba yake. Ni sawa na mwalimu anayeita majina katika kalasi: wote wanasikia, lakini anaitika yule tu aliyeitwa. Lokomotivi mpya, zikitoka fabriki, kwa kawaida zinaitwa namba 3.

Dekoderi ndiyo inayogawa umeme kwa kazi tatu: taa, moteri, na sauti. Mkumbuke hizi tatu. Hizi ndizo mashahidi zetu.

3. SAUTI INATOKA WAPI

Wengine walifikiri moteri ndogo ndiyo inayolia. Hapana. Watu wa fabriki walikwenda na mikro karibu na lokomotivi kubwa ya kweli, wakarekodi sauti yake ikiwashwa, ikipumzika, ikivuta kwa nguvu, na pembe yake. Sauti hizo zimewekwa ndani ya dekoderi. Dekoderi inazichagua kufuata mwendo, inazipeleka kwa bafle ndogo iliyofichwa chini ya gamba.

Bafle hiyo imefungwa ndani ya kisanduku chake kidogo. Ukiitoa na kuiacha wazi, sauti inakuwa nyembamba sana. Juu ya nini? Bafle inasukuma hewa mbele na nyuma kwa wakati mmoja. Hewa ya nyuma ikikutana na ya mbele, zinaharibiana. Kisanduku kinazitenga. Msiitupe hata siku moja, hata kama inaonekana ni plastiki bure.

Tazameni jambo lingine. Lokomotivi kubwa ya dizeli kwa kawaida haisukumi magurudumu yake kwa moteri ya dizeli moja kwa moja. Nyingi ni za dizeli na umeme: dizeli inazungusha jenereta, na umeme wa jenereta unazungusha moteri zilizo kwa magurudumu. Kwa hiyo utasikia dizeli inapandisha sauti kwanza, halafu treni inaanza kuondoka polepole. Lokomotivi ndogo inafuata desturi hiyo. Na lokomotivi ya moshi yenye silinda mbili inapumua mara nne kwa mzunguko mmoja wa magurudumu. Yenye silinda tatu inapumua mara sita. Mtengenezaji mzuri anapanga dekoderi ili hesabu hiyo ifuatwe.

4. KUENDESHA

a) Panga reli, ukagundue kila kiungo kwa kidole. Kiungo kikilegea, umeme haupiti vizuri.
b) Weka lokomotivi juu ya reli, magurudumu yote yaingie. Tumia jicho lako kwa kimo cha reli, usitazame toka juu.
c) Washa kisanduku. Chagua namba 3.
d) Bonyeza F0, taa iwake. Washa sauti. Kwa lokomotivi yetu F1 ni kengele, F2 ni pembe, F8 inanyamazisha sauti yote. Fabriki zote hazifuati mpango mmoja, soma karatasi ya lokomotivi yako.
e) Ngoja. Dizeli inapiga starta, inashika, inatulia. Ukiongeza mwendo mbele ya hapo, lokomotivi inaweza kubaki imesimama mpaka sauti ya kuwasha iishe. Wengi wanadhani imekufa, wanazungusha kifungo mpaka mwisho. Halafu inaruka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba. Subira kidogo tu.
f) Ukitaka kusimama, punguza mapema. Dekoderi iko na namba za kupanga tabia yake, zinaitwa CV. CV 3 inasema lokomotivi iongeze mwendo polepole namna gani, CV 4 ipunguze namna gani. Namba zikiwa kubwa, lokomotivi inakuwa nzito kama ile ya kweli, haisimami mara moja.

5. KUTAFUTA UGONJWA

Hapa tunafika kwa moyo wa fundisho. Lokomotivi ikigonjwa, usifungue gamba. Usibonyeze mabuto yote. Usimhukumu mtu. Uliza kwanza mashahidi watatu: taa inasema nini? Moteri inasema nini? Sauti inasema nini? Jibu lao pamoja litakuonyesha pahali pa ugonjwa.

Wote watatu wamenyamaza. Umeme haufiki, ao lokomotivi haijaitwa kwa jina lake. Tazama kama kisanduku kimewaka. Tazama fili zinazokwenda kwa reli. Tazama namba uliyochagua. Bandika lokomotivi pahali pengine pa reli.

Kisanduku kinajizima chenyewe. Hiyo ni kursirkui: umeme umepata njia fupi kutoka reli moja mpaka nyingine. Mara nyingi ni gurudumu lililotoka njiani, ao turnevisi iliyosahauliwa juu ya reli. Ondoa lokomotivi na mabehewa yote. Kisanduku kikiwaka, ubovu uko kwa kimoja cha vitu ulivyoondoa. Virudishe kimoja kimoja. Kikikataa, ubovu uko kwa reli ao kwa fili.

Wote watatu wanakatika pamoja na kurudi pamoja, na sauti inaanza upya toka starta. Shika sana alama hii. Dekoderi ni kama ordinateri ndogo. Umeme ukikatika hata kidogo, inasahau ilipofika, inaanza tena toka mwanzo. Haiko dekoderi mbovu, ni umeme unaokatika njiani. Mara nyingi ni uchafu juu ya reli na magurudumu. Dekoderi zingine zinaongezewa kondensata ya kuchunga umeme kwa muda mfupi, lakini hiyo haiondoi uchafu.

Taa na sauti ziko, moteri haiendi. Umengoja sauti ya starta iishe? CV 3 haiko kubwa sana? Hakuna unywele ao uzi uliojifunga kwa ekseli? Kama yote ni mazuri, hapo ndipo mkubwa wa kazi anaweza kutazama fili za moteri.

Taa na moteri viko, sauti hakuna. Umeme ni mzuri, reli ni nzuri, namba ni nzuri. Usizisafishe tena, unapoteza saa. Tazama kwanza kama F8 imebonyezwa. Halafu tazama CV ya kiasi cha sauti. Mwisho kabisa, bafle na fili zake. Zima umeme, fungua fili moja ya bafle, pima kwa multimetre. Bafle ya ohm 8 inaonyesha karibu 7 ao 8. Ikiwa haionyeshi kitu, uzi wake wa ndani umekatika.

Sauti iko lakini inakwaruza. Punguza kiasi kwanza. Bafle ndogo haiwezi kujaza kanisa. Ikikwaruza hata kwa sauti ya chini, pengine imelegea pahali pake, ao imepasuka.

6. KUSAFISHA

Zima umeme. Chukua kitambaa cha pamba, tia alkoli ya isopropili kidogo tu, mbali na moto, madirisha yawe wazi. Pangusa juu ya reli mpaka kitambaa kisitoke cheusi. Usitumie karatasi ya msasa wala chuma cha kusugulia sufuria: inachora mistari, na uchafu unapenda kukaa katika mistari hiyo.

Kwa magurudumu: laza kitambaa chenye alkoli juu ya reli. Weka magurudumu ya mbele juu ya kitambaa, na ya nyuma juu ya reli kavu. Shika lokomotivi kwa mkono, alkoli ikikauka kidogo washa, peleka polepole. Ya nyuma yanachukua umeme, ya mbele yanajisugua. Halafu geuza.

Mafuta: tone moja kwa ncha ya sindano, pahali ekseli inapozungukia, yawe mafuta yasiyokula plastiki. Juu ya gurudumu na juu ya reli, hata tone moja hapana.

7. KURUDISHA KAMA MPYA

Kama mtu alichezea CV mpaka lokomotivi haijulikani tena, dekoderi nyingi zinarudi kwa hali ya fabriki ukiandika 8 katika CV 8. Lakini hii ni dawa ya mwisho. Kwanza andika katika daftari namba zote unazozijua, sababu zitapotea, na lokomotivi itaitwa tena namba 3. Ujue vilevile kwamba kisanduku kinaweza kushindwa kusoma CV za dekoderi yenye sauti, hasa ile yenye kondensata kubwa. Kushindwa kusoma haiko ushuhuda kwamba dekoderi imekufa.

8. SASA, NANI ALIKUWA NA KOSA?

Baada ya wiki mbili mwalimu wetu wa fizika alituita. Hakutugombeza. Aliweka lokomotivi juu ya reli na kusema: "Ulizeni, halafu muandike." Tukaandika ukutani yale tuliyoyaona siku ya wazazi: taa ilikatika, moteri ilikatika, sauti ilikatika, zote pamoja, na sauti ilianza upya toka starta. Mwalimu akatupa kitambaa cheupe. Tulipangusa reli mara moja tu. Kitambaa kilitoka cheusi, tena chenye mafuta.

Mafuta! Hapo tulitazamana. Usiku wa kabla ya siku ya wazazi, sisi wawili wa komite tulitia mafuta ya cherehani juu ya magurudumu, tukisema itateleza vizuri mbele ya wageni. Mafuta yakaenea juu ya reli yote, yakashika vumbi la kalasi. Mwenzetu hakuangusha kitu. Sisi ndio tuliharibu.

Tukasafisha. Taa ikawaka bila kukatika, moteri ikazunguka mviringo mzima. Lakini sauti, hakuna. Mmoja wetu akasema mara moja: "Mnaona? Aliiangusha kweli, bafle imevunjika!" Ulimi uko mwepesi kweli. Mwalimu akamtazama tu. Tukauliza mashahidi tena: taa iko, moteri iko, sauti hakuna. Tukatazama F8. Ilikuwa imebonyezwa. Siku ya wazazi, kwa hofu, tulibonyeza mabuto yote, na kisanduku kilichunga amri ile wiki mbili nzima. Tukabonyeza F8 mara moja, dizeli ikapiga starta.

Tulikuwa na magonjwa mawili, moja juu ya lingine, na yote mawili yalitoka kwa mikono yetu. Kama tungalibadilisha mambo matano kwa mara moja, hatungalijua ni lipi liliponya. Ndiyo sababu mwalimu anatuambia: badilisha kitu kimoja, jaribu, andika, halafu kingine.

Kesho yake tulisimama mbele ya kalasi ya tatu, tukamwomba mwenzetu msamaha kwa sauti, kwa maana tulimshtaki kwa sauti. Alinyamaza kwanza. Halafu aliuliza kama anaweza kubonyeza pembe. Leo ndiye anayechunga kitambaa na daftari la treni, na hakuna anayetia mafuta bila yeye kuona.

MAULIZO

1. Treni yenye urefu wa metre 20 itakuwa na urefu gani katika kipimo cha H0?
2. Bafle mbili za ohm 8 zikifungwa sambamba, jumla ni ohm ngapi? Zikifungwa kwa mfuatano? Karatasi ya dekoderi ikisema "si chini ya ohm 8", utachagua njia gani?
3. Lokomotivi inatembea, taa zake zinawaka, lakini kila ikifika karibu na dirisha inakatika na sauti inaanza upya. Pengine pote ni nzima. Utatazama wapi kwanza, na juu ya nini?
4. Lokomotivi inanguruma, taa ziko, haiendi. Taja mambo matatu ya kutazama mbele ya kufungua gamba.
5. Je, kuna mtu uliyemhukumu mwaka huu bila kuuliza shahidi hata mmoja? Jibu la ulizo hili usituletee sisi. Lipeleke kwake.

Majibu ya maulizo manne ya kwanza muyalete kwa meza ya gazeti mbele ya Ijumaa. Masahihisho yatatoka katika namba inayokuja.

Ni sisi wenzenu wa komite ya fizika.